Unaenda Zanzibar lini? Angalia upepo na maji kabla hujakata tiketi

Kila ikikaribia likizo simu yangu inajaa meseji za aina moja, "kaka mwezi wa nne Zanzibar kunafaa?", "eti mwezi wa saba kunanyesha?", na huwa najibu ila najibu haraka haraka nikiwa kwenye daladala, sasa leo nimekaa niandike yote sehemu moja. Mama yangu ni mtu wa Jambiani, mimi naishi Dar lakini Unguja naenda kila nikipata nafasi. Mvua ndo kila mtu anaiuliza, na ni haki yake, ila wengi niliowaona wakirudi wamenuna haikuwa mvua iliyowanunisha. Ilikuwa upepo na maji. Mtu kaja Julai jua safi kabisa, boti ikamtapisha masaa mawili mpaka akaapa harudi tena. Mwingine yuko fungate, kachukua chumba kizuri Paje, kaamka saa nne asubuhi kavaa nguo za kuogelea katoka nje, bahari haipo, imeenda kule mbali kwenye mwamba, yeye na mke wake wamebaki wanaangalia mchanga na matope na kinamama wa mwani. Binamu yangu huyo, na alinipigia simu kwa hasira kama vile mimi ndo niliyeyafukuza maji.

Kwa hiyo kabla hujauliza mwezi gani, jiulize unaenda kufanya nini. Kuogelea na watoto? Kupiga mbizi? Kutembea Mji Mkongwe na kula? Kukaa kimya tu na kitabu? Ukishajua hilo, ndo unaangalia upepo, halafu maji, halafu kalenda ya watu, na bei inakuja yenyewe mwishoni.

Tuanze na upepo manake ndo mama wa vyote. Wazee wetu walipanga maisha yao kwa kaskazi na kusi, sio kwa Januari na Februari. Kuanzia kama Desemba mpaka Machi upepo unatoka kaskazini mashariki, ndo kaskazi hiyo, na ndo uliokuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Ukigeuka, kuanzia Aprili kuendelea, ni kusi, unavuma kutoka kusini mashariki, na majahazi yakaurudia huo kwenda makwao. Sababu yake sio ngumu: Asia ni bara kubwa, Januari limepoa hewa inamiminika kuja huku kwetu kusini ambako jua lipo, katikati ya mwaka Asia imewaka moto inavuta hewa kutoka huku kwenda kule. Sisi tuko njiani tu. Hata neno msimu ni la Kiarabu, mawsim, na Wazungu jina lao la hizi pepo walilitoa hapo hapo. Mvua kubwa zinakuja pale upepo unapobadilishana zamu, kwa hiyo tunazo mbili: masika, Machi mwishoni mpaka Mei, na vuli, kama katikati ya Oktoba mpaka Desemba.

Masika niseme ukweli wangu wote. Aprili ni mvua, mwezi huo peke yake unaweza kupata zaidi ya milimita 300, na hoteli nyingi za ufukweni zinafunga kabisa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Mei, wafanyakazi wanarudi makwao, wanapaka rangi, wanaezeka makuti. Ukija wakati huo kwa ajili ya pwani unaweza kukuta mgahawa uliouona kwenye picha umefungwa na mlinzi peke yake kakaa. Na wahenga walishasema hakuna masika yasiyokuwa na mbu, basi chukua chandarua na dawa ya kupaka. Lakini sikubaliani na wanaosema usije kabisa. Mvua ya masika mara nyingi inapiga kwa nguvu usiku au asubuhi, halafu inaacha, jua linatoka, majani yote yanang'aa. Kama wewe ni mtu wa mji, unataka kupita vichochoro vya Mji Mkongwe bila kusukumana, ukae barazani unywe kahawa na wazee, ukaone makumbusho, gesti unaipata kwa bei ya kuongea, basi Mei, hasa baada ya tarehe 15, ni mwezi wa kimya ambao hutaupata tena mpaka mwakani. Uwe tu na viatu ambavyo huvionei huruma. Pemba ndo sikushauri masika, kule mvua ni nyingi kuliko Unguja na vilima vyake vinateleza.

Juni kusi imeshika. Hapa inaanza kipupwe, ubaridi wetu sisi watu wa pwani, mtu wa Arusha atacheka lakini usiku kuna digrii 21, 22 na upepo juu yake, kanga moja haitoshi, beba sweta jepesi. Mvua ni kidogo, kuna vimvua vya Julai na Agosti tunaviita mchoo, vinapita dakika kumi vimekwisha. Hewa ni nzuri mno kwa kutembea, kwa msitu wa Jozani kuangalia kima punju, kwa kwenda mashamba ya viungo bila kuloa jasho. Watu wengi wanapenda kipindi hiki na mimi napenda, ila bahari ndo imechafuka. Pwani ya mashariki yote, Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani, inapigwa upepo kifuani, maji yanakuwa na mawimbi madogo madogo kutwa nzima, nje ya mwamba ndo usiseme. Wanaocheza kaiti za baharini, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, wanaisubiri kusi hii mwaka mzima, Paje inajaa hao, wewe unayetaka maji yaliyotulia kama sinia hamia upande wa magharibi wa kaskazini ya kisiwa, Kendwa na ule upande wa Nungwi unaoangalia machweo, kule kisiwa chenyewe kinakukinga.

Na boti. Kwenda kutoka Dar kusi inakusukuma kwa nyuma kwa hiyo unaweza ukafika salama ukajisifu, ila kurudi ndo mtihani, boti inakwenda uso kwa uso na mawimbi. Upepo mara nyingi unaongezeka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo Juni mpaka Agosti chukua boti ya kwanza asubuhi, kaa chini na nyuma kidogo sio juu mbele, kula kitu kikavu, usipande na njaa na usipande umeshiba biriani. Kama una mjamzito, mzee au mtoto mchanga na uwezo upo, ndege ni kama dakika 20. Na ikitokea boti zimesitishwa, tafadhali usianze kutafuta njia ya mkato kwa vyombo vidogo. Julai 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar, bahari ikiwa imechafuka, na kuna nyumba Unguja na Pemba mpaka leo Julai ikifika wanasoma dua. Safari inaweza kusubiri siku moja.

Kitu kizuri cha kusi ambacho watu hawakijui: Julai mpaka Septemba nyangumi wanapita, wanatoka kwenye baridi ya kusini ya dunia kuja kuzaa kwenye maji yetu, na kutoka Kizimkazi unaweza ukawaona. Sio lazima, ni bahati, lakini ukimuona nyangumi akiruka hutazungumza kitu kingine wiki nzima.

Septemba mwishoni kusi inachoka. Oktoba unakuja upepo mwepesi kutoka mashariki, matlai, bahari inalala, maji yanakuwa safi unaona chini, na kwa maoni yangu mimi wiki tatu hivi, Septemba ya mwisho mpaka Oktoba ya katikati, ndo wiki bora kabisa za mwaka kwa mtu wa kawaida. Joto halijapanda, wageni wa Agosti wameondoka, vuli haijaanza, wavuvi wanatoka mbali na samaki sokoni wanakuwa wengi. Kwa kupiga mbizi ndo wakati wenyewe, Mnemba, na kule Pemba kisiwa cha Misali. Ukipenda zaidi ya hapo teremka Mafia, kuanzia Oktoba mpaka Machi papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na mtu, anakula vidudu vidogo vya majini tu. Watu wanaenda Mafia Julai halafu wanalalamika hawakumuona, jamani, hakuwa karibu na pwani.

Vuli yenyewe isikutishe sana. Novemba inanyesha, ila ni mvua ya kuja na kuondoka, na kuna miaka inakuwa haba mpaka wakulima wanalia. Kuna miaka pia inazidi, kama vuli ya 2023 ambayo El Niño ilileta mafuriko Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wakitoa utabiri wa vuli au wa masika kabla ya msimu, usome, hawautoi kwa ajili ya wakulima tu. Ukienda Pemba miezi ya karafuu utakuta zimeanikwa kwenye mikeka pembeni ya barabara, kilomita nzima unanusa karafuu, usizikanyage na usipaki gari juu yake.

Desemba mpaka Februari ni kaskazi, na joto. Digrii 32, 33 mchana na unyevu juu yake, usiku feni haitoshi, jua la Februari linamuunguza hata mwenyeji sembuse mtu aliyetoka Ulaya jana. Lakini maji ni ya uvuguvugu, maembe yamejaa sokoni, na anga iko wazi. Upande unageuka sasa: upepo unatoka kaskazini mashariki kwa hiyo ncha ya Nungwi na pwani ya mashariki ndo zinapata upepo, huku Kizimkazi na Fumba kunatulia zaidi. Wale wa kaiti wanarudi tena Paje. Wiki ya Krismasi mpaka tarehe 3 hivi ya Januari bei ni za kuumiza, hata chumba cha kawaida kabisa, ukisogeza safari yako siku kumi mbele unalipa pungufu na bahari ni ile ile. Machi mwanzoni, kabla masika hayajashuka, tunaita maleleji, upepo unayumba haujui uende wapi, bahari shwari, joto kali la kuchosha. Wapiga mbizi wanapenda. Mimi nalala mchana.

Sasa maji, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu hakuna mtu atakayekwambia haya wakati wa kubuku hoteli.

Zanzibar maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya maji makuu na madogo siku za bamvua, yaani siku ambazo maji yanatoka na kujaa kupita kawaida, inaweza kufika mita 4 hivi. Mita nne kwenye pwani iliyo tambarare kama Paje au Jambiani maana yake ni bahari kurudi nyuma nusu kilomita au zaidi. Bamvua inakuja mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada yake. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana. Kwa hiyo chukua kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu, zinauzwa mpaka kwenye vituo vya mabasi, angalia: mwezi mosi mpaka tatu na mwezi kumi na tano mpaka kumi na saba ni bamvua, mwezi saba, nane na mwezi ishirini na mbili, ishirini na tatu ni maji mafu. Wavuvi wanahesabu hivyo hivyo, bila apu yoyote.

Na kuna siri ya saa. Kwetu bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na yanajaa kama saa kumi alasiri. Daima hivyo, mwaka mzima, kwa sababu bamvua na mwezi vinakwenda pamoja. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja ukifika maji mafu mambo yamegeuka, yanajaa saa nne asubuhi na kutoka alasiri. Ukijua hilo umemaliza kazi. Unataka kuogelea asubuhi na watoto halafu mchana walale? Panga siku za maji mafu. Unapenda kuamka taratibu, mchana mjini, jioni majini? Panga bamvua. Unataka kuona wakina mama wa mwani wakifanya kazi, kutembea mpaka kwenye mwamba, kuona vidude vya ajabu kwenye madimbwi? Bamvua asubuhi, vaa viatu manake kuna wale weusi wenye miiba, usikanyage kamba za mwani kwa kuwa ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, na maji yakianza tu kurudi wewe geuka, usimalizie picha. Yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, unashtuka umezungukwa. Ukiangalia chati ya maji kwenye simu kumbuka saa zake ni za kizungu, 10:00 ni saa nne yetu, nimeona mtu kachanganya akaenda ufukweni saa kumi jioni kusubiri maji yakupwe, akamkuta mvuvi anamshangaa.

Kama hesabu zote hizi zinakuchosha basi kaa Nungwi au Kendwa. Kule ufukwe unashuka haraka, unaogelea karibu saa zote hata bamvua. Ndo maana kumejaa watu na ndo maana bei iko juu. Mashariki kuna utulivu na rangi ya maji ambayo sijaiona pengine, ila lazima ukubali kuishi kwa saa za bahari.

Kalenda ya watu nayo. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usikariri mwezi, angalia mwaka unaoenda. Mchana migahawa mingi ya mjini inafunga, kula au kunywa barabarani usifanye hata kama wewe hufungi, hotelini ndani hakuna shida. Wengi wanaikwepa, mimi nasema kama unataka kuijua Zanzibar ya kweli njoo Ramadhani ukae wiki moja, ukialikwa futari usikatae, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, tambi, halafu mji unaamka usiku. Idd ni siku nne za sherehe, watoto na nguo mpya, viwanja vya Mnazi Mmoja vinafurika. Na kwa kuwa Idd el Fitri ni mwezi mwandamo, umeshajua mwenyewe: ni bamvua, kwa hiyo Idd pili mchukue familia pwani alasiri, sio asubuhi. Februari kwa kawaida kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, chumba cha Mji Mkongwe tafuta miezi miwili kabla. Julai Makunduchi wanafanya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanachapana kwa migomba na kuchoma kibanda, na wana imani kwamba mtu asiye na mgeni siku hiyo ana kisirani, kwa hiyo utakaribishwa kwelikweli. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi, ofisi zimefungwa, boti zimejaa.

Watu wananiuliza pia kuhusu vimbunga. Unguja iko kama digrii 6 kusini ya ikweta, karibu mno na ikweta kwa kimbunga kupata mzunguko wa kutosha, kwa hiyo ni nadra. Nadra sio kamwe, Mei 2024 Hidaya ilifika pwani yetu karibu na Mafia. TMA wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, amini. Siku tatu kabla ya safari ingia kwenye kurasa zao uangalie, hiyo inatosha, utabiri wa siku 14 wa kwenye simu unaokuonyesha kawingu na radi kila siku haukusaidii chochote, kwa visiwa vya joto karibu kila siku simu inaweka kawingu.

Nimalizie na safari niliyoipanga kwa mikono yangu. Dada yangu mkubwa yuko Mwanza, ana watoto wawili wanasoma, alitaka kumleta mama mkwe wake ambaye ana miaka sabini na hajawahi kuingia bahari ya chumvi. Likizo ndefu za shule ni Juni au Desemba. Juni nikaikata, kusi na boti na bi mkubwa haviendani. Ikabaki Desemba, lakini Krismasi bei haishikiki, kwa hiyo tukasema wiki ya pili, shule zimeshafungwa na umati haujaja, tukijua vuli inaweza ikatugusa kidogo. Nikafungua kalenda nikatafuta wapi ndani ya wiki zile mwezi wa Kiislamu unafika saba au nane, tukabana siku nne hapo. Tukachagua Kendwa. Mvua ilinyesha siku ya pili alfajiri mpaka saa moja, ikaacha. Saa nne maji yakawa yamejaa pembeni kabisa ya kivuli, yametulia, mama akashikwa mkono kushoto na mjukuu kulia na mjukuu, akaingia na dera lake mpaka kiunoni, akachota maji akaonja, akasema "kumbe kweli ni chumvi". Hakutoka mpaka saa saba.